Shokesi la mama mkwe na kabati lisilo na urembo

SWALI: Shikamoo fundi. Tunaishi Tabata, nyumba ya kupanga, na sebule yetu ni mita 3.5 kwa 4.2. Tuna shokesi kubwa la mbao aliloacha mama mkwe alipohamia Morogoro. Lina milango ya vioo, urefu karibu mita 1.8, limekula ukuta mzima na robo ya dirisha. Nataka kabati la chini, la mbao, la kisasa, lisilo na nakshi wala urembo, la kuwekea runinga, vitabu, vyombo vya wageni na vikorokoro vya watoto wawili. Fundi mmoja wa Keko kanipa bei mbili: mninga mtupu, au MDF yenye karatasi ya rangi ya mbao. Ya kwanza imenitoa jasho, ya pili ni nusu yake. Nichague ipi? Na haya makabati ya mistari minyoofu si ndiyo rahisi kutengeneza, mbona bei iko juu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Naanza na swali lako la mwisho, maana hilo likieleweka mengine yatajipanga yenyewe.

Urembo ni rafiki wa fundi. Ubao wa pembeni ukikutana na wa juu pakabaki upenyo wa milimita mbili, tunapigilia ufito wa urembo juu yake, mambo yamekwisha. Ubao ukiwa na fundo baya, tunachonga ua hapohapo. Mlango ukipinda kidogo, fremu yenye mifereji mitatu inalichanganya jicho lisijue mstari upi una kosa. Kabati unalolitaka wewe halina ufito, halina taji, halina ua. Kosa la milimita mbili litakutazama kila jioni ukikaa kwenye kochi. Kwa hiyo fundi anayejua kazi yake hukutoza zaidi kwa kabati nyoofu kuliko kwa lenye mbwembwe. Anayekutoza kidogo ama hajui anachoingia, ama anajua vizuri sana: ataziba nyufa kwa unga wa mbao na gundi, apige vanishi ya rangi ya kahawa, na wewe utagundua masika yakianza.

Sasa hiyo MDF. Sina ugomvi nayo. Ni nyuzi za mbao zilizosagwa zikagandamizwa kwa gundi; haipasuki, haina fundo, na kwa mlango wa kupaka rangi inazishinda mbao nyingi. Shida ni maisha yetu. Sakafu zetu zinapigwa deki kila asubuhi, na kabati la namna hiyo mara nyingi limekaa sakafuni moja kwa moja. Maji yanaingia kwenye ukingo wa chini, ukingo unavimba kama mkate uliochovywa kwenye chai, karatasi inabanduka, na MDF ikishavimba hairudi. Niliwahi kuletewa kabati lenye umri wa miaka miwili: juu jipya, chini limekuwa uyoga. Halafu wewe umepanga, ipo siku utahama. Skrubu ikitolewa kwenye ukingo wa MDF inatoka na unga, na tundu hilo halishiki tena kama mwanzo.

Tena inabonyea. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo makabati marefu ya kisasa yanapowaumbua wenyewe. Macho yanapenda rafu moja ndefu, nyembamba, isiyo na nguzo katikati. Hesabu haipendi. Ukirefusha nafasi kati ya nguzo mara mbili, vitabu vikiwa vilevile kwa kila mita, rafu haibonyei mara mbili. Inabonyea mara 16. Ukiongeza unene mara mbili, kubonyea kunapungua mara 8. Na MDF ni laini kuliko mbao: kwa unene uleule na mzigo uleule, inapinda karibu mara tatu ya paini. Kwa hiyo kwenye MDF au ubao wa kugandamiza wa milimita 18, mimi sipitishi sentimita 60 bila nguzo kama juu yake kuna vitabu. Plaiwudi ya milimita 18, sentimita 75. Ubao mtupu wa inchi moja, 90, na hapo nasimama. Nilijifunza kwa aibu. Miaka yangu ya mwanzo nilimtengenezea mteja rafu ya mita 2.1 isiyo na nguzo, ikapendeza kweli siku ya kuipeleka. Nilipopita kumsalimu miezi sita baadaye ilikuwa imelegea katikati kama kitanda cha kamba, na yule bwana, kwa ustaarabu wake, alikuwa ameweka mkebe wa rangi chini yake.

Mninga nao? Mti mzuri. Ni miongoni mwa mbao zetu zinazocheza kidogo sana zikishakauka, na unarandika bila matata, tofauti na mvule ambao wakati mwingine una vijiwe vya chokaa ndani vinavyokula meno ya msumeno. Lakini neno la maana hapo ni “zikishakauka”. Mninga wa kuuza wiki hii mara nyingi ulikuwa msituni miezi michache iliyopita. Ukilazimika kuununua, mwombe muuzaji akuonyeshe hati ya kusafirishia ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, maana mninga usio na karatasi mara nyingi ni mninga ulioibwa. Tena tangu mkutano wa Panama, Novemba 2022, wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, miti ya jamii hiyo ya Afrika imo kwenye Kiambatisho cha II, kwa hiyo biashara yake ya kuvuka mipaka inasimamiwa. Hilo la mipaka halikuhusu wewe wa Tabata, ila linakueleza kwa nini mti huu hauwezi tena kuwa wa bei ya zamani.

Ubao mkavu si ubao usio na maji kabisa. Uliotulia ndani ya nyumba ya pwani isiyo na kiyoyozi hubaki na maji kama asilimia 13 hadi 15 ya uzito wake mkavu. Chumba kinachopigwa kiyoyozi kutwa huushusha hadi karibu 10. Mbichi mara nyingi unapita 50. Ubao hausinyai kwa urefu, unasinyaa kwa upana: wa sentimita 40, maji yake yakishuka kwa asilimia tano tu, tuseme kutoka 15 hadi 10, hupungua milimita mbili hadi tano, kutegemea mti. Ukiwa umebanwa kwa skrubu pande zote, hauna pa kwenda, unapasuka. Usiku utasikia mlio kama wa fimbo iliyovunjika, watoto watasema ni panya.

Kupima huhitaji kifaa cha gharama. Mwombe fundi akukatie kipande chembamba kutoka katikati ya ubao, siyo mwishoni, kwa kuwa mwishoni hukauka mapema na kudanganya. Kipime kwa mizani ya jikoni, kiweke kwenye oveni kwa joto la kupita nyuzi 100 kidogo tu, pima kila baada ya saa chache mpaka uzito ugome kushuka. Kilianza gramu 230 kikaishia 200? Maji yalikuwa gramu 30, yaani asilimia 15 ya 200. Huo ubao ni wako. Kilianza 280? Ni asilimia 40. Mwambie fundi asante, tutaonana mwakani.

Kwa hiyo jibu la “ipi kati ya hizi mbili” ni hakuna. Kabla hujaudhika, nenda kwenye lile shokesi. Vuta droo moja uitoe kabisa, ingiza mkono na tochi, tazama upande wa ndani wa ubao wa pembeni, mahali ambapo vanishi haikufika. Kwangua kidogo kwa kisu. Mashokesi yaliyochongwa kwa oda zamani, kabla MDF haijajaa mjini, mengi yalikuwa mbao tupu pembeni na rafuni, na hadibodi nyuma. Ukiona kahawia ya dhahabu yenye michirizi myekundu, na nyuzi zinaendelea mpaka ukingoni bila tabaka tabaka, huo ni mninga, na umekauka kwenye sebule tangu kabla hujaolewa. Hakuna muuzaji atakayekuuzia ubao uliotulia kuliko huo. Ukiwa mweupe-njano na mwepesi, ni paini, labda ya Mafinga. Nayo inafaa, ila milango utaipaka rangi. Ukiona vitundu vidogo kama vya sindano na unga laini ukidondoka ukigonga, kuna wadudu. Ubao huo usiingie kwenye kabati jipya.

Tuhesabu, kwa makisio ya shokesi la mita 1.8 kwenda upande, 1.9 kwenda juu, kina sentimita 45, lenye rafu tatu. Pembeni mbili zinakupa mita 3.8, rafu tatu mita 5.25. Jumla mita tisa za ubao mpana. Badala ya kabati moja refu, tengeneza masanduku mawili, kila moja sentimita 90 urefu, 40 kina, 37 kimo, ukiyaweka pamoja yanakuwa mita 1.8. Kila sanduku linakula kama mita 2.9: juu 90, chini 90, pembeni mbili na nguzo moja ya katikati. Masanduku mawili, mita 5.8. Pembeni za shokesi zinatoa vifuniko vya juu na vya chini, rafu zinatoa vilivyobaki, na bado una mbao za nyuso za droo. Mashine ya randa italamba milimita tatu hivi kila ubao, hilo halitishi. Kinachotisha ni misumari. Mwambie fundi apitishe sumaku kila ubao kabla ya kuupeleka mashineni, la sivyo mwenye mashine atawadai visu vyake, na atakuwa na haki.

Mawili badala ya moja kwa sababu ya kuhama. Sanduku la sentimita 90 linapita mlango wowote, linabebwa na watu wawili, na yote mawili yanaingia kwenye kirikuu pamoja na kochi. Nyumba ijayo ukuta ukiwa mfupi, moja litakwenda chumbani.

Ila kabla msumeno haujagusa kitu, shusha vyote vilivyomo ndani ya shokesi, vitandaze mkekani, pima. Miaka ya 1950 huko Denmaki, Børge Mogensen na mwenzake Grethe Meyer walibuni makabati ya nyumbani kwa kuanza na vitu vyenyewe: walipima mashati, shuka na vyombo vya kawaida vya nyumba za kule, ndipo wakaamua droo iwe na kina gani. Kabati likatoka kwenye shati, halikutoka kwenye picha. Wengi wetu tunafanya kinyume: tunampelekea fundi picha kwenye simu, halafu sahani ya biriani inagoma kuingia kwa sentimita mbili.

Sahani kubwa nyingi zina kipenyo cha sentimita 27 hivi, basi ndani unahitaji 30 na kitu. Daftari na vitabu vya ukubwa wa A4 vina kimo cha 30. Sanduku la kimo cha 37, ukitoa ubao wa juu na wa chini wa sentimita mbili mbili, linakupa 33 ndani. Vyote vinaingia. Vyombo vya wageni viweke upande mmoja, mlango wenye kitasa na ufunguo, najua watoto. Vikorokoro vyao viende kwenye droo ya chini isiyo na kitasa, pana, ya kumwagia tu, kwa sababu mtoto wa miaka minne hapangi, anatupia. Vitakavyobaki mkekani bila nafasi, na vitabaki, usivitengenezee rafu. Ni sinia la harusi ambalo halijatoka miaka mingapi? Hayo mtazungumza na mumeo.

Kuna jambo moja ambalo picha za makabati ya Ulaya hazilijui. Ukishusha kila kitu kiwe chini ya goti, Msahafu au Biblia utaiweka wapi? Kwenye shokesi ilikaa juu kabisa, mahali pake. Nimeona nyumba zenye sebule safi ya kisasa ambapo kitabu kitukufu kimehamia juu ya friji. Weka kidaka. Wazee wa Lamu na miji ya mawe ya pwani walilimaliza suala hili zamani: vyumba vyao vilikuwa virefu vyembamba, upana ukifuata urefu wa boriti, kama mita mbili na nusu hadi tatu, hakuna nafasi ya kabati, basi wakajenga zidaka ndani ya kuta, safu juu ya safu, zikakaa sahani za Kichina na vitabu, sakafu ikabaki wazi. Wewe huwezi kuchimba zidaka ndani ya ukuta wa mwenye nyumba, lakini kisanduku cha sentimita 40 kwa 30, kina 20, kilichofungwa ukutani kwa skrubu mbili juu ya usawa wa macho, kinafanya kazi ileile. Mabaki ya shokesi yanatosha.

Miguu. Sentimita 13, usipunguze. Ufagio upite, deki lipite, na mchwa akianza kupanda umwone. Ukiijumlisha, kabati lote linakuwa sentimita 50 na runinga inakaa vizuri kwa mtu aliyeketi. Liache mbali na ukuta sentimita tatu au nne, hasa kama ukuta huo unapigwa na mvua kwa nje. Bila hewa nyuma, ukungu utaanza pale usipopaona. Ubao wa nyuma uwe plaiwudi nyembamba yenye matundu mawili ya sentimita sita, moja la nyaya, moja la dekoda kupumulia.

Vishikio: watakushawishi uweke vile vibonyezo vya sumaku, unasukuma mlango unafunguka wenyewe. Vinapendeza dukani. Kwenye unyevu wetu mlango ukivimba kidogo vinakataa kushika, na mtoto atakuwa anavibonyeza kutwa. Mwambie fundi achimbe mfereji wa vidole kwenye ukingo wa juu wa mlango, basi. Droo zisizobeba uzito zipite kwenye vipande vya mbao vilivyosuguliwa mshumaa. Reli za chuma ziwe kwa droo ya midoli tu, na skrubu ziwe za shaba au chuma kisichoshika kutu. Kutu ikilowa huacha doa jeusi kwenye mbao, na msasa hauliondoi.

Ubao wa juu usigundishwe wala kubanwa. Ushikwe kwa skrubu kutoka chini, na matundu ya skrubu yawe marefu kidogo kwa upande wa kina, ili ubao upate pa kutanuka. Fundi akikuuliza kwa nini, mtafute mwingine.

Usipige vanishi nene ya kung’aa kama kioo. Kwenye mistari minyoofu inaonyesha kila mkwaruzo, na ukitaka kukarabati lazima uondoe yote. Vanishi isiyong’aa, mipako miwili au mitatu myembamba yenye msasa mwembamba katikati, inatosha. Wapo wanaopenda mafuta ya kitani. Yanatoa rangi nzuri sana kwenye mninga, ila pwani hushika ukungu yasipokauka sawasawa, na vitambaa vilivyopakia mafuta hayo vikirundikwa vinaweza kushika moto vyenyewe bila kiberiti. Vitandazwe nje au viloweshwe maji kabla ya kutupwa.

Ikitokea shokesi ni hadibodi na mbao za ovyo tupu, usihuzunike. Agiza maboksi ya plaiwudi ya milimita 18, na nyuso tu, yaani milango, droo na kingo, ziwe za msaji wa Longuza au Mtibwa. Msaji wa mashambani ukikatwa mdogo una sehemu kubwa nyeupe ya nje, chagua vipande vya kiini. Usishangae rangi yake ikiwa mabaka mwanzoni. Mwanga huilinganisha ndani ya miezi kadhaa, mradi usiweke vitambaa juu yake wakati huo, maana palipofunikwa patabaki na alama. Na usikubali paini ya kijani ya kuezekea hata kwa vipande vya ndani. Mara nyingi imelowekwa dawa yenye aseniki, na vumbi la msasa wake si la kuvuta karibu na vyombo vya chakula.

Kwa fundi nenda na mchoro, hata wa mkono, vipimo vyote kwa milimita. “Futi tatu na kidogo” imevunja urafiki mwingi. Mkubaliane kwamba utakwenda kuliona kabati likiwa limeungwa lakini halijapigwa vanishi. Siku hiyo chukua kamba, pima kona kwa kona kwa mshazari, pande zote mbili. Zikilingana, liko mraba. Zikipishana zaidi ya milimita mbili, milango haitakaa sawa, na huo ndio wakati wa kusema, siyo baada ya kumalizia malipo. Likishafika nyumbani lifungwe ukutani kwa vipande vya pembe: runinga juu, droo chini, watoto wawili, na droo zilizofunguliwa ni ngazi.

Mpigie simu mama mkwe kabla ya yote. Usimwambie unalitoa shokesi. Mwambie mbao zake ni nzuri mno kuzibishwa dirisha na unataka zibaki ndani ya nyumba. Vioo usivitupe. Vipime unene, vikiwa milimita nne, fundi vioo atavikata viwe milango ya kile kidaka, na kipande kitakachobaki kinatosha fremu moja ya picha.